Kusoma Tone: Fani ya Kusaka Mvujo wa Oili katika Gereji za Tabora

Doa la oili chini ya lori ni sentensi ya mwisho ya habari ambayo mwanzo wake uko juu, aghalabu nyuma ya kitu kingine. Oili haidondoki pale ilipotokea. Inateremka kwa uzito wake, inafuata ukingo wa chuma, inasukumwa nyuma na upepo wa feni na mwendo wa gari, inakusanyika kwenye boliti iliyo chini kuliko zote, ndipo inaanguka. Anayetafuta mvujo, kwa hiyo, anaipokea matini yake ikiwa imegeuzwa, mwisho ukitangulia na chanzo kikifuata. Wahakiki wa riwaya tumezoea kuita mbinu rejeshi ule utaratibu wa msimulizi kurudi nyuma na kueleza yaliyotangulia. Katika kazi hii urejeshi si mbinu mojawapo miongoni mwa nyingi, bali ndio muundo wenyewe, na fundi asiyeukubali atabadilisha sili nzima huku mvujo ukiendelea.

Naichambua fani hii kama inavyotendeka Tabora kwa sababu iliyomo katika ardhi na njia zake. Unyanyembe, eneo ulipo mji wa Tabora, palikuwa mahali ambapo misafara ya Bagamoyo ilitua kabla ya kugawanyika, baadhi kwenda Ujiji, mingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Hapo mizigo ilipangwa upya na wapagazi wakaajiriwa upya. Wabebaji walikuwa watu, kwa kuwa mbung'o wa miombo hawakumwacha hai mnyama wa kukokota: London Missionary Society walipojaribu magari ya ng'ombe mwaka 1877, ng'ombe walikufa njiani. Reli ilifika mjini mwaka 1912, malori yakafuata, lakini kazi ya kituo haikubadilika sana, maana chombo kilichochoshwa na njia bado kinakaguliwa hapa kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Barabara kuu sasa zina lami. Tumbaku ya Urambo, Sikonge na Kaliua, hata hivyo, hailimwi kando ya lami. Marobota hupakiwa vijijini wakati wa kiangazi, na lori linaloyatoa huko kuyapeleka viwandani Morogoro hupita Tabora injini yake ikiwa imejaa vumbi. Bila vumbi hilo pasingekuwa na cha kusoma.

Vumbi hunata penye oili, na hunata kwa tabaka. Mvujo wa miezi mingi huwa umejenga ganda jeusi, gumu, linalobanduka kwa ncha ya bisibisi; wa majuma machache huwa tope laini linaloingia chini ya kucha; wa leo hung'aa, na vumbi lililoushika bado lina rangi ya barabara. Unene wa uchafu unaonyesha muda, na mteremko wake unaonyesha mwelekeo. Dizeli hufanya kinyume: ikivuja kwenye paipu ya nozeli huosha vumbi na kuacha mlia wa chuma safi katikati ya tope, hivi kwamba mahali pasafi kuliko kote ndipo penye hitilafu. Oili ya gia boksi ni nzito na hunuka salfa, wakati ile ya injini ya dizeli ni nyeusi kwa masizi. Fundi hupitisha kidole, husugua, hunusa, na kabla hajashika spana amekwishatenganisha sauti tatu zilizokuwa zikisema kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa Scania 113, gari linalofahamika sana katika njia hii. Injini yake ni ya lita 11, silinda 6 kwa mstari, na kila silinda ina hedi yake, na kila hedi ina tapeti kava yake na gasketi yake. Ni muundo wa beti sita zinazofanana, kila ubeti umefungwa peke yake. Uzuri wa muundo huo kwa mkarabati ni kwamba hedi moja inaweza kufunguliwa bila kugusa nyingine. Gharama yake kwa msomaji ni kwamba mahali pa kuvuja pameongezeka mara sita. Kava ya mwisho, iliyo nyuma kabisa na iliyofichwa na kabini hadi kabini iinamishwe, ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa subira kuliko zote. Gasketi yake ikichoka upande wa nyuma, oili hushuka mgongoni mwa hedi, hupita kwenye bloku, huingia juu ya nyumba ya flaiwili, na kudondoka chini yake, mahali pale pale ambapo sili ya nyuma ya krenki ingedondosha endapo ingekufa.

Hapa ndipo taharuki ya habari nzima ilipo. Gasketi ya kava ni kazi ya boliti chache na bei ndogo. Sili ya nyuma inadai gia boksi ishushwe, klachi itoke, flaiwili itoke, na lori lenye mzigo likae juu ya mawe huku mwenye mali akipiga simu. Matukio mawili yenye uzito usiolingana hata kidogo yamepewa kiishio kimoja. Katika riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla, Najum hukimbilia hitimisho na rafiki yake mpelelezi, Bwana Msa, humzuia. Gerejini nafasi ya Najum huchukuliwa na dereva. "Fundi, sili ya nyuma imekufa hiyo," husema akiwa bado hajashuka vizuri. "Nimekusikia, suka. Inamisha kabini kwanza tuone." Jibu hilo la pili, kwa maoni yangu, lina ufundi wote: halikanushi, halikubali, linaahirisha. Dereva si mwongo. Ni msimulizi asiyeaminika kwa sababu anaona gari kutoka kitini. Utingo, anayelala chini ya lori na kuweka kipande cha boksi usiku ili kujua kinachodondoka na mahali kinapodondokea, ana ushahidi bora zaidi, na ni jambo la kusikitisha kwamba gereji nyingi humwuliza mwisho au hazimwulizi kabisa.

Usomaji wa kwanza ukishakwisha, matini hufutwa. Injini hupakwa dizeli kwa brashi, husuguliwa kwa maji na sabuni ya unga, hukaushwa kwa upepo wa kompresa, hasa kwenye mabonde kati ya hedi na hedi. Ujasiri wa hatua hii hauonekani haraka: fundi anaharibu ushahidi wake wote kwa makusudi, akitumaini kwamba injini itauandika upya mbele ya macho yake, safari hii taratibu na kwa mpangilio wa kweli. Wengine hupuliza poda nyeupe ya watoto juu ya chuma kilichokauka ili mlia wa kwanza wa oili ujichore wazi. Katika karakana zilizoendelea hutiwa rangi maalumu ndani ya oili na kumulikwa kwa taa ya urujuanimno. Kanuni ni ile ile, na poda haihitaji betri.

Kisha injini huwashwa, na halijoto huingia kama sehemu ya fani. Oili ya 15W-40 katika nyuzi 40 ni nzito takriban mara saba kuliko ilivyo katika nyuzi 100, hivyo ufa uliokaa kimya asubuhi waweza kusema baada ya injini kupata moto, na sili iliyokakamaa yaweza kuvuja ikiwa baridi tu. Oili yenye presha, ile ya paipu ya turbo au ya filta, hurusha. Oili inayorushwarushwa tu na mzunguko, kama ile iliyo chini ya kava, hujipenyeza na kulowesha. Atakayewasha kwa dakika mbili na kuzima hana usomaji bali ana mtazamo.

Kuna kiwango cha tatu ambacho wasomaji wengi hawakifikii. Mvujo ukionekana mahali pawili au patatu kwa wakati mmoja, kavani, kwenye sili ya mbele na kwenye shimo la stiki ya oili, ni vigumu kuamini kwamba mipira yote imechakaa siku moja. Fundi makini hufungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta, akakigeuza na kukiweka juu ya tundu bila kukikaza. Kikitulia au kutetemeka kidogo, sawa. Kikirukaruka na kuanguka, moshi ukitoka kwa mapigo, basi presha imejaa ndani: ama bomba la kupumulia limezibwa na tope, ama ringi za pistoni zimekwisha na moto wa silinda unapita kushuka kwenye sampu. Hapo sili zote zilizolaumiwa zinageuka kuwa wahanga, na swali la "wapi" linakuwa swali la "kwa nini". Bomba lililoziba huzibuliwa kwa waya, bila kununua kitu. Sijaona mgeuko wa msuko ulio nadhifu kuliko huu.

Dhidi ya fani hii kuna mtindo wa silikoni, nao sina neno zuri la kuusemea. Hupakwa nene, juu ya chuma ambacho hakikuoshwa, na boliti za sampu hukazwa hadi bati linabonyea kuzunguka kila tundu, hivyo mvujo unahamia katikati ya boliti na boliti. Silikoni iliyozidi haitoki nje tu. Nyingine hujikamua ndani, hukatika, na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Tone dogo lililokuwa likichafua ardhi limegeuzwa kuwa injini iliyofunga njiani. Mtindo huo unaanza kujibu kabla haujasoma.

Nina ombi kwa wenye malori wa njia hii, wanaoosha injini kwa presha ya maji kabla ya kuipeleka gereji ili fundi asichafuke. Iacheni kama ilivyo. Mnadhani mnamrahisishia kazi, kumbe mmemnyima usomaji wa kwanza, ule ambao hauwezi kurudiwa. Pelekeni gari na vumbi lake, na utingo aende nalo, akiwa na kipande chake cha boksi.