Karatasi Isiyo na Mwalimu

Serikali ilipofunga shule na vyuo mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wajukuu wangu wawili na mwenzao mmoja, wote wa chuo kikuu, walirudi hapa Lagangabilili. Hadi vyuo vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni, walisomea madesa na slaidi walizotumiwa kwa WhatsApp. Niliomba nizione, nikavaa miwani, nikazipitia kama nilivyokuwa nikipitia maandalio ya masomo chuoni kwetu.

Maoni yao hayakuwa ya kitoto. Mmoja alisema, "Babu, hizi ni kumbukumbu za mhadhiri mwenyewe. Akiwepo anazieleza, asipokuwepo zimekufa." Wa pili alilalamikia video: bando huisha kabla somo halijaanza. Wa tatu alisifu kitu kimoja tu, sauti ya dakika chache ambayo mhadhiri alijirekodi akikokotoa swali moja tangu mwanzo hadi mwisho. Aliisikiliza mara kadhaa akiwa shambani akichuma pamba.

Wengi wetu tulilaumu mtandao. Ni kweli unasumbua, ila sauti ile ilipita katika mtandao huohuo. Kasoro kubwa ilikuwa katika maandishi yenyewe. Slaidi huandikwa kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele ya darasa. Ukimwondoa mtu huyo, vinabaki vichwa vya habari.

Sisemi haya kwa kujigamba. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilihitaji walimu wengi wa shule za msingi kwa haraka, na kuanzia 1976 vijana walisomea ualimu papo hapo vijijini: vijitabu, redio, na wakufunzi wa kuwatembelea. Nami nilikuwa mkufunzi kijana. Ninalo bado somo la sehemu nililoliandika kwa mkono, nikachapa nakala. Mahali pa kutafuta asili moja niliandika: "Mkufunzi wako atakueleza." Mkufunzi huyo nilikuwa mimi, na masika yale mto ulijaa, sikufika. Nilipofika, nilimkuta mwalimu-mwanafunzi mmoja ameandika ubaoni kuwa 1/2 kujumlisha 1/3 ni 2/5, na watoto wote wameinakili. Alikuwa amejitahidi kadiri karatasi yangu ilivyomruhusu.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: je, msomaji akikwama usiku, peke yake, karatasi inamjibu? Iwe na mfano uliokokotolewa wote, ionye kosa linalozoeleka, iulize swali, na jibu liwe ukurasa wa nyuma. Hayo hayahitaji mtambo wa gharama. Yanahitaji mwandishi amwone msomaji wake kabla ya kuandika.

Mjukuu wangu mkubwa sasa ni mwalimu. Nimempa lile somo la sehemu bila kulisahihisha. Nimemwambia alisome kwanza, kisha anioneshe la kwake.