Nani Aliyeotea? Uhakiki wa Filamu ya Offside

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu tunataja ngoma, mashairi, vinyago na hadithi. Mpira wa miguu huachiwa waandishi wa habari za michezo, ambao kazi yao ni kuhesabu magoli na kutaja wafungaji. Hata hivyo uwanja una nyimbo zake, mavazi yake, rangi zake, utani wake na lugha yake, na mambo hayo ndiyo ambayo mhakiki wa ngoma au wa tamthiliya huyachunguza kila siku. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuijadili filamu ya Iran iitwayo Offside, iliyoongozwa na Jafar Panahi na kuonyeshwa mwaka 2006, ambayo maudhui yake ni mwanamke apendaye mpira katikati ya umati wa wanaume. Wengi watauliza filamu ya Iran inatuhusu nini. Jibu tutalitoa mbele, baada ya kuipima kazi yenyewe kwa mizani ya sanaa.

Jina la filamu, kwa lugha ya viwanjani kwetu, ni kuotea. Kila mwanafunzi aliyecheza mpira shuleni anaijua kanuni hiyo: mchezaji akipelekewa mpira huku amekwisha kumpita beki wa mwisho, kibendera hupanda na filimbi hulia. Ustadi wa Panahi unaanzia katika jina hilo. Wahusika wake wameotea kabla hawajaugusa mpira, wala hawajauona. Kibendera kimepandishwa langoni, mahali ambapo tiketi hukaguliwa. Swali ambalo filamu nzima inaliuliza ni hili: mstari huo umechorwa na nani, na kwa faida ya nani?

Yafaa tueleze mazingira. Baada ya mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979, wanawake walizuiwa kuingia viwanjani kutazama wanaume wakicheza mpira. Uwanja mkubwa wa Tehran unaitwa Azadi, na neno azadi maana yake ni uhuru. Tarehe 8 Juni 2005, katika uwanja huo, Iran ilicheza na Bahrain ikaishinda bao 1–0, na kwa ushindi huo ikapata nafasi katika mashindano ya Kombe la Dunia ya Ujerumani ya mwaka 2006. Panahi, ambaye binti yake aliwahi kuzuiwa langoni, alipiga sehemu ya filamu yake siku ya mchezo huo wenyewe, akiwatumia watu ambao si waigizaji wa kazi. Filamu ilipata tuzo ya Dubu wa Fedha mjini Berlin mwaka 2006, lakini nyumbani ikapigwa marufuku. Mwaka 2010 mwongozaji huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 6 na kukatazwa kutengeneza filamu kwa miaka 20.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Wasichana kadhaa wamejivika mavazi ya kiume ili waingie uwanjani. Wanagunduliwa mmoja mmoja, kisha wanafungiwa katika kizimba cha vyuma kilichowekwa kando ya majukwaa, ambako kelele za watazamaji zinasikika lakini nyasi hazionekani. Wanalindwa na askari vijana walio katika utumishi wa lazima. Mmoja wao ni kijana wa mashambani ambaye mawazo yake yote yapo kwa mama yake na mifugo yake. Anachoomba ni siku hiyo ipite bila ya yeye kuongezewa muda wa utumishi.

Tukiitazama fani, jambo la kwanza linalotugusa ni kwamba filamu ya mpira inauficha mpira. Mtazamaji, awe mwanamume au mwanamke, anawekwa ndani ya kizimba pamoja na wasichana. Umati unaponguruma, hatujui kama ni bao au ni kosa la kosa. Panahi angeweza kutuhutubia juu ya maumivu ya kunyimwa. Badala yake ametunyima. Hiyo ndiyo tofauti kati ya msanii na mhubiri, na waandishi wetu chipukizi wangefanya vema kuizingatia.

Jambo la pili ni usimulizi. Askari mmoja anasimama mahali ambapo anaweza kuchungulia uwanjani, na wasichana wanamsihi awatangazie. Anaanza kwa kusitasita, kisha mchezo unampanda kichwani na anasimulia kama mtangazaji. Baadhi ya wasichana hao wanaujua mpira kuliko yeye, na hawasiti kumsahihisha. Hapa kwetu, ambako kwa miaka mingi wananchi wa mikoani walizifuata Simba na Yanga kwa masikio, kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam, hatuna haja ya kuelezwa uzito wa tukio hilo. Sisi tulisikiliza kwa sababu ya umbali wa maili mamia. Wao wanasikiliza kwa sababu ya ukuta, na hatua chache tu zinawatenga na mchezo.

Jambo la tatu ni kinyago. Msichana mmoja anaomba kwenda msalani, lakini uwanja mzima hauna choo cha wanawake. Askari anamfunika uso kwa picha ya mchezaji mashuhuri iliyotobolewa matundu ya macho, kisha anawafukuza wanaume chooni ili apite. Tena anahangaika kwa kuwa kuta za humo zimeandikwa matusi ambayo, kwa maoni yake, msichana hapaswi kuyasoma. Watazamaji hucheka, na ni haki yao kucheka. Lakini kicheko hicho kina mwiba ndani yake: uso wa mwanamume, hata ukiwa wa karatasi, una ruhusa ambayo uso wa mwanamke aliye hai hauna. Msichana huyo anapata upenyo na kutoroka, kisha anarudi kizimbani kwa hiari yake, kwa kumhurumia yule kijana wa mashambani ambaye angeadhibiwa kwa ajili yake. Kwa kitendo hicho kimoja Panahi amewatoa askari katika kundi la maadui. Nao pia wamefungiwa. Tofauti ni kwamba wao wamepewa sare.

Kiini cha maudhui kimo katika mabishano kati ya wasichana na walinzi. Hoja ya askari ni kwamba uwanjani kuna matusi, na mwanamke hafai kuyasikia. Msichana mmoja anauliza mbona wanawake wa Japani waliruhusiwa kuingia timu yao ilipocheza hapo hapo. Anajibiwa kwamba wageni wale hawakifahamu Kiajemi, kwa hiyo matusi hayakuwadhuru. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja, akaketi, na mwenyeji amebaki nje. Kosa la msichana, basi, ni kuifahamu lugha ya mama yake.

Tuipime hoja hiyo kwa makini, maana haisemwi Tehran peke yake. Kuna watu wawili: mmoja anatukana, na mwingine anasikia. Hoja inamwacha mtukanaji kwenye kiti chake na kumtoa msikiaji. Inajitangaza kuwa ni heshima kwa mwanamke, lakini gharama yote ya heshima hiyo inalipwa na yeye, na mwanamume halipi hata senti moja. Isitoshe, hoja inajifanya kuamini kwamba matusi ni maumbile ya uwanja, kama mvua na jua. Matusi ni tabia, na tabia hufunzwa na huachishwa.

Pamoja na sifa hizo, filamu haikosi upungufu. Wasichana hawapewi majina, na maisha yao ya nyumbani tunayaona kwa nadra. Tunaelewa kwamba mwandishi alitaka wawe mfano wa wengi. Hata hivyo mhusika asiye na jina wala nyumba huweza kuwa hoja iliyovaa nguo. Upungufu mkubwa zaidi umo katika hatima. Wasichana wakiwa wamepakiwa katika gari dogo kupelekwa kwa wakubwa, ushindi unatangazwa redioni, mji mzima unamiminika barabarani, na katika shangwe hiyo wafungwa na walinzi wao wanachanganyika na umati. Msichana mmoja anawasha fataki saba kuwakumbuka watu saba waliokufa katika msongamano baada ya mchezo wa Iran na Japani wa Machi 2005, na mmoja wa marehemu hao alikuwa rafiki yake. Ni mwisho wenye kutoa machozi. Lakini mgogoro haukutatuliwa. Umefunikwa na sherehe. Je, kama Bahrain ingeshinda?

Historia imelijibu swali hilo. Mwishoni mwa mwaka 1997, Iran ilipofuzu baada ya kutoka sare ya 2–2 na Australia mjini Melbourne, maelfu ya wanawake waliingia Azadi kwa nguvu kuipokea timu yao. Shangwe ilipokwisha, lango lilifungwa tena. Mwaka 2019 Sahar Khodayari, shabiki wa klabu ya Esteghlal aliyekamatwa akijaribu kuingia uwanjani kwa mavazi ya kiume, alijitia moto nje ya mahakama mjini Tehran alipopata habari kwamba huenda akafungwa, akafariki mwezi Septemba. Mwezi uliofuata, tarehe 10 Oktoba 2019, wanawake wapatao 3,500 walikalishwa katika sehemu yao maalumu ya Azadi, wakaiona Iran ikiifunga Cambodia mabao 14–0. Hata hivyo Machi 2022, katika mji wa Mashhad, wanawake wenye tiketi mkononi walizuiwa kuingia katika mchezo wa Iran na Lebanon. Mlango unaofunguliwa na furaha au na msiba hufungwa mambo yakitulia. Haki tu ndiyo huuacha wazi. Hapo ndipo filamu ilipopaswa kutufikisha, nayo imeishia kwenye fataki.

Sasa turudi kwetu. Katika Tanzania hakuna sheria inayomkataza mwanamke kuingia kiwanjani, na katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, wanawake waliovaa nyekundu na waliovaa kijani na njano huonekana majukwaani. Jambo hilo tulishukuru. Lakini tusijisifu kupita kiasi, kwa kuwa kizimba si lazima kiwe cha vyuma. Kinaweza kujengwa kwa maneno, kwa mikono isiyo na adabu katika msongamano wa langoni, kwa safari ya usiku ya kurudi nyumbani, na kwa ule mtihani ambao shabiki mwanamke hupewa na kila aketiye karibu naye: eleza basi, kuotea ni nini? Mwanamume hapewi mtihani huo, hata kama amekuja kufuata kelele tu. Na wapo wazazi na walimu wanaomwambia msichana maneno yale yale ya askari wa Tehran: usiende, kuna matusi.

Hasara yake si ya mwanamke peke yake. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Utani wao ni sanaa ya zaidi ya miaka 80. Sanaa hiyo inasimama juu ya kijembe, fumbo na mipasho. Katika jamii yetu, ni nani bingwa wa kijembe kuliko mwanamke? Ndiye achaguaye jina la kanga litakalomfikia jirani bila ya mdomo kufunguliwa. Ndiye aimbaye katika taarabu na katika ngoma za harusi maneno ambayo mlengwa huyafahamu na asiyehusika huyasikia kama pambo. Jukwaa lisilo na sauti yake hukimbilia tusi kwa sababu limepungukiwa na ufundi wa fumbo. Kwa hiyo wanaosema kwamba mwanamke asiende uwanjani kwa kuwa kuna matusi wameligeuza jambo kichwa chini. Asiyekuwepo na lake halipo. Akiwepo, na lake litakuwepo, na lake ni lugha bora.

Kwa walimu tunapendekeza kwamba filamu hii, pale inapopatikana, itazamwe na kujadiliwa darasani pamoja na tamthiliya zetu, kwa kuwa inafundisha wazi jinsi mgogoro unavyoweza kujengwa kwa mahali pamoja, siku moja na watu wachache. Baada ya hapo wanafunzi, wasichana na wavulana pamoja, watungiane nyimbo za kushangilia timu za shule yao, kwa sharti moja tu: kila wimbo umchome mpinzani, na kila wimbo uweze kuimbwa mbele ya mama wa mtungaji. Wataona kwamba sharti hilo haliupunguzi utani makali. Na siku watakapokwenda uwanjani, wakamsikia mtu akimwambia dada yao kwamba mahali hapo si pake, watajua kibendera kinapaswa kupandishwa upande gani.