Programu Kufunguka Si Ushahidi

Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, ndipo ilipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Jina la Pemba limeingia katika tafiti nyingi za kichocho, minyoo na homa, na mojawapo ya tafiti hizo ningependa isomwe na kila anayetengeneza programu za simu. Katika uchunguzi wa homa kisiwani humo, watafiti walianza na fomu ya karatasi yenye kurasa 14, kisha kazi ikiwa inaendelea wakahamia kwenye kompyuta ndogo za mkononi. Ripoti yao ya mwaka 2012 inaeleza kwamba data zenye makosa zilishuka kutoka asilimia 7 hadi asilimia 1, gharama ikapungua kwa robo, na hakuna swali lililoachwa wazi.

Kwangu mimi, ubishi wa karatasi na kifaa uliishia hapo. Lakini kifaa kilileta tatizo ambalo karatasi haikuwa nalo. Fomu iliyochapwa leo itajazwa vilevile mwakani. Simu, kwa upande wake, hupokea mfumo endeshi mpya, na mfumo huo huja na kanuni zilizoamuliwa mbali sana na shehia inayofanyiwa utafiti. Kanuni hizo hutangulizwa katika toleo la majaribio, miezi kadhaa kabla ya toleo kamili. Anayelijaribu mapema ana nafasi ya kuokoa kazi ya watu, ila inategemea anajaribu nini.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa ODK Collect, programu ya kujazia madodoso kwenye Android. Mradi wake ulianzia Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, mwaka 2008, na mapema kabisa ukapata watumiaji huku kwetu: AMPATH ya Eldoret, Kenya, ilikuwa miongoni mwa wa kwanza, wahudumu wake wakipita nyumba kwa nyumba kupima VVU. KoboCollect, inayotumiwa na mashirika mengi ya misaada, imejengwa juu ya msimbo huohuo. Kwa hiyo kinachoisibu ODK huwafika watu wengi.

Kwa takriban miaka kumi programu hiyo iliweka kila kitu katika folda moja iliyoitwa odk, kwenye hifadhi ya wazi ya simu. Humo mlikuwa na madodoso matupu, yaliyojazwa, na picha zake. Mpango huo ulikuwa na faida kubwa pasipo na mtandao wa uhakika. Msimamizi alichomeka simu kwenye kompyuta kwa waya, akanakili folda, kazi ya siku ikawa salama. Hata mtu akiifuta programu kwa bahati mbaya, folda ilibaki palepale.

Machi 2019 Google ilitoa toleo la kwanza la majaribio la Android 10, likiwa na wazo la kuibana kila programu ndani ya hifadhi yake yenyewe. Sababu ilikuwa nzuri, na ninaiunga mkono: kwa utaratibu wa zamani, programu ya tochi iliyopewa ruhusa ya hifadhi iliweza kusoma picha zote za mwenye simu, na hata majibu ya mgonjwa yaliyomo katika folda ile ya odk. Toleo la pili la majaribio, mwezi wa Aprili, liliiwasha kanuni hiyo, na programu nyingi zilizozoea hifadhi ya wazi zikakwama. Watengenezaji wakalalamika, na mwezi huohuo Google ikatangaza kwamba kanuni haitalazimishwa hadi toleo kubwa linalofuata. Android 10 ilipotoka rasmi tarehe 3 Septemba 2019, ilikuwa na kibali maalumu: programu ingeweza kuomba iendelee na utaratibu wa zamani.

Hapo ndipo mjaribu anapoweza kudanganyika. Kila programu ya Android hubeba namba inayosema imelenga toleo gani. Mfumo mpya ukikutana na programu iliyolenga toleo la zamani, mara nyingi huitendea kwa kanuni za zamani ili isivunjike. Android 11 ilipofika, tarehe 8 Septemba 2020, programu iliyolenga Android 10 na kuomba kibali kile ilifanya kazi kama kawaida. Mtu aliyeiweka kwenye simu ya majaribio mwezi Juni angeifungua, akajaza dodoso, akalituma, na kuandika kwamba hakuna tatizo. Angekuwa amesema kweli kuhusu siku ile tu. Kuanzia Novemba 2021 duka la Google Play lilidai kila sasisho lilenge Android 11, na kwa programu iliyolenga toleo hilo kibali kilikuwa hakifanyi kazi tena. Tatizo lilikuwa limeahirishwa, likisubiri siku mtengenezaji atakapobadilisha namba.

Watu wa ODK hawakuisubiri siku hiyo. Mwaka 2020 waliweka ndani ya programu njia ya kuhamisha data, na mtumiaji akawa anaombwa kuikubali. Kunakili mafaili kwenda kwenye hifadhi ya faragha kulikuwa sehemu nyepesi. Hifadhidata ya programu ilikuwa imeandika anwani kamili ya kila faili, kuanzia mzizi wa hifadhi hadi jina la mwisho, kwa hiyo anwani hizo nazo zilipaswa kubadilishwa. Faili likihama na anwani ibaki ya zamani, dodoso lililojazwa lipo kwenye simu lakini programu hailioni. Kasoro ya namna hiyo haionekani kwenye simu mpya isiyo na kitu. Huonekana kwenye simu yenye madodoso ya wiki tatu, mengine nusu, mengine na picha, ikipandishwa toleo vikiwa vyote ndani. Jaribio lililo muhimu ni hilo, na ndilo linalorukwa mara nyingi.

Tabia moja ya zamani pia ilipotea. Data zikiwa ndani ya hifadhi ya faragha, kuifuta programu ni kuzifuta data. Fundi aliyezoea kutatua ukaidi wa programu kwa kuiondoa na kuisakinisha upya sasa anaweza kupoteza majibu ya kijiji kizima kwa nia njema kabisa. Ningeweka onyo hilo ukurasa wa kwanza wa mafunzo ya wadodosaji.

Android 11 ilileta na jambo la ruhusa: programu iliyolenga toleo hilo isipofunguliwa kwa miezi kadhaa huvuliwa ruhusa za kamera, mahali na nyinginezo. Sasa fikiria utafiti kama ZEST, ambao kati ya mwaka 2011 na 2017 ulipima kichocho Unguja na Pemba kwa duru za kila mwaka. Simu za utafiti wa aina hiyo hulala kabatini kati ya duru na duru. Jaribio la wiki moja halitaonesha kitu. Asubuhi ya siku ya kwanza uwanjani ndipo GPS itakapogoma.

Nani basi ajaribu? Matoleo ya majaribio hutolewa kwanza kwa simu za Pixel, ambazo wadodosaji wetu hawazitumii. Mwaka 2019 Tecno Spark 3 Pro iliingia katika orodha ya simu zilizopokea majaribio ya Android 10, nami nililiona hilo kuwa jambo kubwa kwa Afrika Mashariki. Pasipo na simu, kuna kiigizaji cha Android Studio, kinachoendesha toleo la majaribio ndani ya kompyuta ya kawaida yenye kumbukumbu ya kutosha. Hakitakuonesha betri dhaifu wala kamera mbovu, lakini uhamishaji wa data na ruhusa hujaribika humo vizuri.

Ofisi zinazohifadhi programu ya zamani kwenye kadi ya kumbukumbu kwa sababu ilifanya kazi salama zina jambo jipya la kukagua. Android 14, iliyotoka Oktoba 2023, hukataa kusakinisha programu iliyolenga toleo lililo chini ya Android 6. Iliyokuwemo tayari wakati simu inasasishwa hubaki. Ikishafutwa, hairudi kwa njia ya kawaida.