Kosa la dakika ya tisa

Video ya ukarabati wa ile kompyuta ya shule mmeiona. Imezunguka kwenye makundi ya mafundi na wengi wameimwagia sifa. Mimi simo. Diski ile haikustahili kufutwa, na kila kitu cha kumwambia fundi hivyo kilikuwa mbele ya macho yake.

Mwanzo alifanya kazi safi: alipuliza vumbi, akasugua meno ya RAM kwa kifutio, akapima pawa saplai kabla ya kuilaumu. Hapo sina neno.

Shida inaanza mwalimu anapoeleza historia ya mashine. Anasema ilikuwa nzima, ikachomolewa shule ilipofunga, ikahamishiwa chumba kingine. Tangu ichomekwe tena inafika kwenye nembo ya Windows 7, kisha inazima na kuanza upya. Fundi anaitikia "sawa" huku akitafuta bisibisi. Maelezo yale peke yake yalitosha kumpeleka kwenye betri ya CR2032. Mashine ya mezani ikiwa imechomekwa ukutani, hata ukiizima, pawa saplai inaendelea kuipa mazabodi volti 5 za kusubiri, na betri haina kazi kubwa. Inaweza kufa kimya kimya, na mwenye mashine asijue mpaka siku waya utakapotoka ukutani. Siku hiyo CMOS inasahau saa, tarehe na mipangilio yote. Huku kwetu, umeme unakokatika kila kukicha, fundi asiyeuliza habari za waya ameruka swali la kwanza.

Kisha kioo cha bluu. Kilipita haraka, lakini ukisimamisha video namba unaisoma: 0x0000007B. Windows imeshindwa kuifikia diski inayowakia. Diski yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, na Windows pia. F8 ingezuia mashine isijirudie, namba ikasomwa kwa utulivu. Hakuigusa.

Sasa dakika ya tisa. Anaingia BIOS, si kwa uchunguzi, bali ili aipe flashi ya kupigia Windows upya zamu ya kwanza. Ukurasa wa mbele unafunguka. Juu kabisa: Januari 1, 2010. Mistari michache chini yake, hali ya SATA: IDE. Kamera imetulia hapo kabisa. Yeye anashuka na mshale hadi kwenye orodha ya kuwashia, anapandisha flashi juu, anabonyeza F10, anatoka. Mshambuliaji kabaki na lango tupu, akarudisha mpira kwa kipa wake.

Mnajua kilichotokea. Windows ile ilipigwa diski ikiwa kwenye AHCI. Betri ilipokufa na waya ukachomolewa, BIOS ikarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, yaani IDE, na Windows 7 haikuwa imeandaliwa draiva ya IDE kwa hatua ile ya kuwaka. Ikaanguka. Dawa ilikuwa kubadilisha neno moja kwenye ukurasa ule ule, F10, na mashine ingewaka na kila faili mahali pake. Baada ya hapo betri mpya, ambayo bei yake haifiki chakula cha mchana. Mita aliyopimia pawa saplai ilikuwa bado mezani. Betri nzima inasoma volti 3. Ikishuka chini ya 2.7 mimi naitupa. Hakuipima.

Badala yake mwalimu anauliza kwa upole kuhusu kazi zao, anajibiwa kwamba Windows ikifa, faili zinakufa nayo. Huo ni uongo, na kila fundi anajua ni uongo. Diski unaichomoa, unaisoma kwenye mashine nyingine kwa waya wa USB, unanakili, ndipo unafanya utakalo. Yeye alifuta sehemu zote za diski moja baada ya nyingine, hata D, ambayo watu huitenga makusudi ili kazi zao zinusurike siku Windows ikipigwa upya.

Nimelalamikia flashi hizi mpaka wengine mmenichoka, na sitaacha. Watengenezaji nao wana lao: wameficha maandishi ya POST nyuma ya nembo kubwa ya kampuni, na mazabodi nyingi haziji tena na spika ndogo ya milio. IBM AT ya mwaka 1984 haikumficha mtu kitu. Betri ikifa, kioo kilitoa 161. Tarehe ikipotea, 163. Mafundi wakongwe walisoma namba kwanza, kisha wakashika bisibisi. Si kwamba walikuwa malaika. Kupiga mfumo upya kulitaka rundo la disketi na nusu siku, kwa hiyo kufikiri kulikuwa njia ya mkato.

Wanaosema "lakini mashine si imewaka" watazame sehemu ya mwisho tena. Windows 10 imekaa, fundi anatabasamu, na saa kwenye kona ya kulia inasoma mwaka 2010. Anafungua tovuti, kivinjari kinagoma kwa sababu cheti cha tovuti, kwa hesabu ya saa ile, hakijaanza hata kutumika. Anasema ni intaneti ya simu. Betri mfu bado imo ndani, diski bado iko kwenye IDE na NCQ haifanyi kazi, na kazi za walimu hazipo.

Nampa alama tatu kwa kumi, na zote tatu ni za vumbi, kifutio na pawa saplai.