Kipimo si dawa: juu ya ule ushauri wa kuondoa kode ya Wi-Fi

Ndugu wasomi, hapa Salamabila mashini ya muziki ikikataa kushika Wi-Fi, ushauri ni uleule: "Ondoa kode, acha rezo wazi." Mashini inashika, muziki inatoka, na mwenye kushauri anaitwa fundi. Ushauri huo una kipande kidogo cha kweli na kipande kikubwa cha hatari. Na sisi tuliosoma njo tunausambaza zaidi.

Kweli yake ni hii: kufungua rezo dakika mbili ni kipimo kizuri. Mashini ikishika rezo wazi na kukataa yenye kode, shida iko kwenye kode ama kwenye aina ya ufungo. Ikikataa hata rezo wazi, kode haina kosa, tafuta pengine. Lakini kipimo si dawa. Hakuna mtu anayetobolewa kidole, anaambiwa ana malaria, halafu anarudi nyumbani akisema amepona.

Aina za ufungo ni nyingi. WEP ilitoka 1997, na tangu 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha namna ya kuivunja. Ikafuata WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004, WPA3 mwaka 2018. Mashini ya zamani iliyotoka Ulaya inaweza kujua zile za kwanza tu, na simu mpya inaongea WPA3. Ni sawa na kumsalimia kwa Kichina mzee anayejua Kibangubangu peke yake: salamu ni nzuri, lakini haisikiki.

Basi dawa ni gani? Kwenye simu inayogawa mega, ingia kwenye mipangilio ya hotspot, chagua WPA2 pahali pa WPA3, na 2.4 GHz pahali pa 5 GHz, kwa sababu mashini nyingi za zamani hazioni 5 GHz kabisa. Kisha angalia kode yenyewe. Inahitaji alama 8 hadi 63, na herufi kubwa na ndogo si sawa. Sisi wa klavye ya Kifaransa tunapenda kuweka é na ç, kumbe rimoti ya mashini haina herufi hizo. Weka herufi za kawaida na namba. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichoponya.

Mara nyingi hata ufungo hauna kosa. Simu nyingi zinazima hotspot zenyewe kama hakuna aliyeunganishwa kwa dakika kadhaa. Muziki ikikatika kila usiku, pima kwanza batri ya sola. Na kuna mashini zilizoachwa na watengenezaji wao: Logitech iliacha kutengeneza Squeezebox mwaka 2012, na 2024 ikafunga huduma ya intaneti iliyokuwa inaziendesha. Hapo hata ukiondoa kode zote za mtaa, huduma ile hairudi.

Sasa tuone hasara. Rezo ikibaki wazi, mega ulizonunua kwa jasho zinaliwa na mtu usiyemjua. Mtu huyo anaweza kujaribu kuingia kwenye ordinatera yenye mémoire yako, kama umeacha mafaili yanagawika. Na jambo baya akilifanya kwenye intaneti, litaonekana limetoka kwenye simu yako, yenye namba iliyoandikishwa kwa jina lako. Utaeleza nini? Kwamba ulitaka kusikiliza rumba?

Kama mashini inajua WEP tu, usishushe rezo yote kwa ajili yake. Tumia waya, flashi ama kadi ya memori, namna watu wengi hapa wanafanya kila siku bila kusoma chuo chochote. Sioni haya ndani yake. Haya ni kupewa diplome halafu kumshauri jirani afungue mlango kwa sababu ufunguo umemshinda.

Kwa hiyo mwenye kuleta shida yake hapa chini, asiandike "imekataa" tu. Andika mashini ni ya aina gani, simu iko kwenye ufungo gani, na kipimo cha rezo wazi kilitoa nini. Kisha rudisha kode mbele ya kungoja jibu.