Kina cha Hadithi na Watu wa Ukingoni mwa Mto

Miongoni mwa sifa ambazo wahakiki na wasomaji hupenda kuzimiminia kazi za sanaa, hakuna inayotajwa mara nyingi na kuelezwa mara chache kama sifa ya kina. Riwaya hii ina kina, husemwa. Filamu ile ina kina. Na siku hizi hata michezo ya kompyuta, ambayo wazee wengi bado huihesabu kuwa upuuzi wa watoto, hupangwa madaraja kwa kina cha hadithi zake. Ukimwuliza msifu anakusudia nini, atakuonyesha mhusika mkuu ambaye nafsi yake imechimbwa hadi chini kabisa, siri iliyofichwa mpaka kurasa za mwisho, na maana isiyomalizika kwa kusomwa mara moja. Haya yote ni kweli, wala hatuna sababu ya kuyadharau. Lakini liko swali moja ambalo kwa kawaida huachwa: shimo hilo limechimbwa ndani ya nani, na udongo wake umemwagwa juu ya nani?

Swali la namna hii halijibiki hewani. Kwa bahati ipo hadithi moja ambayo imesimuliwa kwa vyombo vyote vitatu, yaani kitabu, filamu na mchezo, na kila mara ikasifiwa kwa kina chake. Tena chimbuko lake ni mto ambao Kiswahili kinaujua vizuri.

Mwaka 1890 baharia Joseph Conrad, Mpolandi aliyekuwa akitumikia meli za Kiingereza, aliajiriwa na kampuni ya Kibelgiji kwenda kufanya kazi katika Mto Kongo. Nchi yote ile, tangu 1885 hadi 1908, ilihesabiwa kuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili. Conrad alikwenda kwa miguu kutoka Matadi hadi Kinshasa, akapanda stima iliyoitwa Roi des Belges, akafika Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani, mwanzoni mwa Septemba. Huko stima ilimpakia wakala mgonjwa aliyeitwa Klein, naye akafia njiani katika safari ya kurudi. Conrad mwenyewe aliugua, akarejea Ulaya kabla ya wakati. Mwaka 1899 gazeti la Blackwood's lilichapa hadithi yake Heart of Darkness, jina ambalo tunaweza kulifasiri kuwa Kiini cha Giza, nayo ikatoka ndani ya kitabu mwaka 1902.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Baharia Marlow anapanda mto kumfuata Kurtz, wakala hodari wa pembe za ndovu, msemaji fasaha, mtu aliyeandika taarifa ndefu juu ya wajibu wa kuwastaarabisha Waafrika na mwishoni mwa taarifa hiyohiyo akaongeza kwa mkono shauri la kuwaangamiza wote. Marlow anamkuta amezungushia nyumba yake vichwa vya watu juu ya miti. Kurtz anakufa. Marlow anarudi Ulaya na kumdanganya mchumba wa marehemu kuhusu maneno yake ya mwisho.

Tukiri bila choyo kwamba hii ni kazi ya fundi. Conrad aliiona biashara ya Leopold kwa macho yake, akaieleza kuwa wizi uliovishwa kanzu ya dini na elimu, wakati ambapo wengi Ulaya walikuwa wakiipigia makofi. Uongo wa Marlow mwishoni ni pigo zito: mtu aliyejidai kuuchukia uongo anaurudisha ukoloni nyumbani ukiwa safi, umeoshwa, tayari kupokewa sebuleni. Anayesema hakuna kina hapa hajaisoma.

Hata hivyo, hebu tuhesabu maneno. Katika hadithi nzima Waafrika husema maneno machache mno kwa vinywa vyao wenyewe. Mara moja mmoja wao anaomba wapewe adui ili wamle, na mara nyingine mtumishi anatokeza kichwa mlangoni kutangaza kwamba Kurtz amekufa. Mengine yote ni mayowe, ngoma, macho meupe gizani. Mwanamke wa Kiafrika aliyehusiana na Kurtz anasimama ukingoni akainua mikono, hana neno. Mchumba wa Kizungu anapewa kurasa za kusema huzuni yake. Mshika usukani anapouawa kwa mkuki, Marlow anaugua moyoni juu ya udugu wao wa mbali, lakini hatujui marehemu aliitwa nani. Mto wenyewe hautajwi jina.

Mwaka 1975 Chinua Achebe, ambaye riwaya yake ya kwanza ilikuwa imekwisha kuwafikia wasomaji wetu kwa jina la Shujaa Okonkwo, alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Massachusetts akamshtaki Conrad waziwazi kuwa mbaguzi wa rangi. Hoja yake kuu haikuwa matusi yaliyomo kitabuni, ingawa yamo. Alisema Afrika imefanywa jukwaa, na watu wake mapambo ya jukwaa, ili roho ya Mzungu mmoja ipate mahali pa kuvunjikia. Wengi walimjibu kwamba Marlow si Conrad, na kwamba kazi ya sanaa haipimwi kwa idadi ya wanaosema. Jibu la kwanza lina nguvu kiasi. La pili ndilo tunalotaka kulijaribu kwa kufuata hadithi hii ilikokwenda baadaye, maana ikiwa kasoro ile ilikuwa ya karne yake tu, tungetazamia warithi waisahihishe.

Mrithi wa kwanza ni filamu Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola, iliyotolewa mwaka 1979 na kushiriki tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka huohuo. Mto umehamishiwa vita vya Vietnam, vilivyokuwa vimekwisha mwaka 1975. Marlow amekuwa Kapteni Willard, askari aliyetumwa kumwua Kanali Kurtz. Uchungu wa filamu hii juu ya nchi iliyoituma helikopta kuchoma vijiji ni wa kweli, na mandhari yake yana fahari ya kutisha. Lakini ilipigwa Ufilipino, na wakazi wa maskani ya Kurtz waliigizwa na Waifugao, watu wa milimani wa Ufilipino, wakiwekwa kuwa kabila la mpakani lisilo na jina. Watu waliokuwa na mila na lugha yao walikodiwa wawe umati wa mtu mwingine. Wavietnamu wenyewe hukimbia, hufa, hupiga risasi kutoka vichakani. Katika muda wa saa mbili na nusu hatupati hata mmoja wao wa kumkumbuka kwa jina. Kwa jambo tunalolichunguza, filamu haikusonga mbele hatua moja.

Mrithi wa pili anastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu chombo chake ni kipya na kimefanya jambo ambalo vile viwili vya kwanza visingeweza. Mwaka 2012 kampuni ya Yager ya Berlin ilitoa mchezo uitwao Spec Ops: The Line. Mto umekuwa mchanga: Dubai imezikwa na dhoruba, na Kanali wa Kimarekani aitwaye John Konrad, jina ambalo halifichi ukoo wake, amebaki humo na kikosi chake. Mchezaji anamwongoza Kapteni Walker, pamoja na Adams na Lugo, kwenda kutafuta walionusurika. Kazi yao ni kuwatafuta na kutoa habari, kisha kuondoka. Hawaondoki.

Ajuaye michezo ya namna hii anajua desturi yake: maadui hutokea, mchezaji hufyatua, njia hufunguka, sifa hutolewa. Mchezo huu unaitumia desturi hiyo kama chambo. Inafika mahali ambapo askari wa Konrad ni wengi mno, na chombo kilichopo ni mzinga wa fosforasi nyeupe. Lugo anapinga. Mchezaji akijaribu njia nyingine hafiki popote, hurudishwa palepale. Basi anafyatua, akitazama kutoka juu kwenye kioo kidogo ambacho watu wake ni nukta nyeupe. Kisha mchezo unamteremsha chini na kumlazimisha kutembea polepole katikati ya walioungua, mpaka afike penye handaki. Nukta nyingi za mwisho zilikuwa raia 47 waliokuwa wamefichwa humo ili waokolewe, na mbele yao mama aliyekufa akimziba mtoto macho.

Mwishoni inafunuliwa kwamba Konrad alikuwa amekwisha kufa zamani, na kwamba sauti aliyoisikia Walker redioni ilikuwa ya kichwa chake mwenyewe, iliyotungwa ili lawama ipate mtu wa kubeba. Msomaji wa Conrad anaweza kufunga kitabu akisema Kurtz alikuwa mwovu. Mtazamaji wa Coppola anatoka ukumbini na mikono safi. Mchezaji alifyatua mwenyewe. Wapo wanaolalamika kwamba amelazimishwa, na kwamba si haki kumlaumu mtu ambaye hakupewa njia ya pili. Ni malalamiko ya kweli, ila waandishi wa mchezo waliyatazamia: njia ya pili ilikuwapo tangu mwanzo, nayo ni kuuzima mchezo na kwenda zako. Hapa, kwa maoni yetu, chombo kinachodharauliwa kimetoa mchango halisi katika sanaa ya kusimulia, na mhakiki anayekipita bila kukitazama anajinyima.

Na bado, tuhesabu tena. Je, mama yule ni nani? Mtoto anaitwaje? Watu wa Dubai katika mchezo huu ni wakimbizi waliofunikwa nyuso, waasi waliosilahishwa na majasusi, maiti. Mara moja tu wanafanya jambo lao wenyewe, pale umati unapomnyonga Lugo, na hata hapo mchezaji ndiye anayeulizwa afanye nini: apige hewani au awapige wao. Huzuni yao ni kipimo cha kosa la Walker. Miaka 113 imepita tangu gazeti la Blackwood's, chombo kimebadilika mara mbili, lugha ya toba imekuwa kali zaidi, na watu wa ukingoni bado hawajafunguliwa vinywa. Mchezo huo uliondolewa kwenye maduka ya intaneti mwanzoni mwa 2024.

Hapo ndipo ushahidi wa Kiswahili unapoingia. Stanley Falls alikofika Conrad hapakuwa pori lisilo na maneno. Palikuwa na watu wasemao Kiswahili, na tangu 1887 wali wake kwa niaba ya Leopold alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Kabla ya kufa kwake Zanzibar mwaka 1905 aliandika kwa Kiswahili habari za maisha yake, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapa. Kwa hiyo karibu wakati mmoja na riwaya ya Conrad palikuwapo kitabu kingine juu ya nchi hiyohiyo, kilichotungwa na mtu aliyeijua kwa miaka mingi.

Tofauti yake inashangaza. Tippu Tip hana kina kwa maana ya wahakiki wetu. Hajiulizi roho yake imekuwaje. Anataja frasila za pembe, madeni, siku za safari. Lakini watawala wa bara kwake wana majina, wana hila, wana majibu. Wanabishana naye na mara nyingine wanamshinda kwa maneno. Anasimulia bila haya jinsi alivyojipatia nchi kwa kumwaminisha mzee Kasongo Rushie kwamba wao ni ndugu, kwa kutunga kisa cha bibi aliyetekwa zamani. Huyu ni mtunzi wa hadithi anayeonekana akiitunga mbele ya msikilizaji mwenye akili zake, jambo ambalo Conrad hakulidhania.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwa kuwa lugha ni yetu. Utajiri ule ulibebwa mabegani mwa watumwa, na vijiji vilichomwa. Waliofungwa minyororo katika kitabu cha Tippu Tip ni hesabu tu, kama pembe zenyewe. Mzungu hakuwasikia watu wa ukingoni kwa kuwa hakujua lugha yao. Tippu Tip aliwasikia wakubwa wao, akawauza wadogo. Mhakiki anayemnyoshea Conrad kidole, kisha akamfanya Tippu Tip shujaa wa taifa, amehama shimo moja kuingia jingine.

Kazi ambayo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, imeikabili hali hii kwa ukamilifu zaidi ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, iliyotoka mwaka 1994. Gurnah alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya hiyo ikachapwa na Mkuki na Nyota kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ni safari ileile ya kwenda ndani ya bara, lakini anayesafiri ni Yusuf, kijana aliyewekwa rehani na baba yake kwa deni la mfanyabiashara Aziz. Msafara ni wa watu wa pwani: wana ibada zao, mizaha yao, tamaa zao, na kila mmoja ana namna yake ya kuwaita watu wa bara washenzi. Kisha wanafika kwa mtawala Chatu. Anawanyang'anya mali, na anapowahukumu anawaeleza sababu: wenzao waliotangulia walikuja wakawachukua watu wake. Mtu wa ukingoni anasema kwa kirefu, naye anasema dhidi yetu.

Riwaya haimpi Yusuf sifa ya kutoka humo akiwa mshindi. Wajerumani wanapopita na safu ya askari na mateka, kijana yule, ambaye maisha yake yote amekuwa mali ya mtu mwingine, anaisikia milango ya bustani ikifungwa nyuma yake, anatazama huku na huku kwa haraka, kisha anakimbia kuifuata safu ile, macho yakimwasha.