Siku Saba za Kupoza

Katika fizikia ya usumaku wa kitopolojia, sifa huwaendea wenye milinganyo. Mimi nawahusudu zaidi wenye tanuri.

Chukua Co3Sn2S2, nusumetali yenye usumaku iliyovuma mwaka 2018 kutokana na kazi ya Taasisi ya Max Planck mjini Dresden, Ujerumani. Viungo vyake ni kobalti, bati na salfa, hiihii ambayo wakulima wa korosho huipulizia mikorosho. Hupimwa kwa uwiano wa atomu 3:2:2, hutiwa katika kikombe kidogo cha alumina, nacho huingizwa ndani ya mrija wa kwatzi. Hewa hunyonywa, kisha mdomo wa mrija huyeyushwa kwa moto mkali hadi uzibe.

Hapo ndipo fundi hujulikana. Salfa huchemka kwenye nyuzi 445 tu, ilhali tanuri linatakiwa kufika 1,000. Ukipandisha moto kwa pupa, mvuke wa salfa ambayo bado haijashikana na metali huweza kuupasua mrija, ukabaki na vigae na harufu. Kwa hiyo moto hupandishwa taratibu kwa siku 2, hutulizwa siku nzima, halafu hushushwa hadi nyuzi 600 kwa siku 7. Siku hizo saba hakuna la kufanya ila kutogusa kitu, na nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Hutoka vibamba vya fuwele vyenye mng'aro, vinavyobanduka tabaka kwa tabaka. Ndani yake atomu za kobalti zimejipanga katika pembetatu zinazogusana ncha na kuzingira pembesita, kama ufumaji wa vikapu vya mianzi vya Kijapani. Zikipozwa hadi karibu nyuzi 96 chini ya sifuri, sumaku zake ndogondogo huanza kuelekea upande mmoja. Usumaku huo huzipa elektroni nukta za Weyl, yaani mahali pa kitopolojia ambapo mikanda miwili ya nishati yao hugusana, na elektroni zinazopita karibu na nukta hizo husukumwa kando. Huko Dresden, upitishaji wa umeme wa kando ulifika kiasi cha asilimia 20 ya ule wa mbele. Katika sumaku nyingi hata asilimia chache ni nyingi.

Lakini kasoro za fuwele nazo husukuma elektroni kando. Fuwele ikiwa chafu, hujui unapima topolojia au uchafu. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliibandua fuwele na kuupitishia uso wake sindano ya hadubini, wakaona kwamba nyayo za elektroni hubadilika kulingana na tabaka lililo juu: bati, salfa au kobalti. Usomaji wa namna hiyo hauwezekani kwenye uso uliovurugika.

Katika makala nyingi za fani hii, maelezo ya tanuri hubanwa mwishoni, kwa herufi ndogo. Ukiipata moja, anza kuisomea huko.